Nafundisha watu wazima, kaka anataka niende Kahama

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na nina mtoto wa miaka minne. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2018, masomo ya Kiswahili na Kiingereza. Ajira za serikali nimeomba kila zinapotangazwa. Kwenye usaili wa mapema mwaka 2025 niliitwa, nikaenda, nikadondokea kwenye mchujo.

Tangu 2019 nafundisha Kiingereza kwenye kituo cha mtu binafsi kinachoandaa watu wazima kwa Mtihani wa Maarifa, yaani QT, ule wa kumruhusu mtu ambaye hakupita sekondari afanye mtihani wa kidato cha nne, na wale wanaorudia kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wanafunzi wangu ni walinzi, wafanyakazi wa ndani, bodaboda, mama lishe. Naingia saa 11 jioni natoka saa 2 usiku, vipindi viwili vya saa moja na nusu, siku tano kwa wiki. Kila kipindi ni shilingi 4,000. Ikilipwa yote ni kama 160,000 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba sasa ni mwezi wa pili hatujalipwa. Mwenye kituo anasema wanafunzi hawajamaliza ada, lakini juzi kaongeza vyumba viwili vya madarasa.

Jumamosi asubuhi nafundisha kisomo bure kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Kuna mama anauza samaki Feri. Alipoanza alikuwa anaficha mikono chini ya meza, anasema ina magamba. Ujumbe wa pesa kwenye simu alikuwa anasomewa na mpwa wake. Siku moja katikati ya darasa simu yake ikalia, akaitazama muda mrefu, midomo inacheza, kisha akasema kwa sauti, "Elfu arobaini na tano. Mpwa wangu aliniambia arobaini." Darasa zima tulinyamaza. Sijui kama nitaipata siku nyingine kama ile kwenye kazi yoyote.

Mwaka jana pia niliwahi kuitwa na hoteli moja ndogo Kariakoo kuwafundisha Kiingereza wahudumu wanane, wiki sita, siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Walinilipa 300,000 wakanishukuru, ikaishia hapo.

Sasa kaka yangu yuko Kahama, kwenye kampuni inayotoa huduma migodini. Kanitafutia kazi ya kutunza stoo, mshahara 450,000, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipositasita akaniambia, "Unakataa mshahara ili uendelee kuwa mwalimu wa ngumbaru?" Maneno yale yameniingia, kwa sababu hata mimi huwa najiuliza. Mwalimu wa shule ana daraja, anapanda cheo, anastaafu. Mwalimu wa watu wazima anapanda kwenda wapi? Nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nisaidie kufikiri.

Mwalimu wa Jioni, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoiona vizuri ile habari ya hoteli uliyoipita mbio. Wiki sita, siku tatu kwa wiki, ni vipindi 18. Laki tatu ukigawa kwa 18 ni zaidi ya 16,600 kwa kipindi. Kituoni, kwa muda uleule wa saa moja na nusu, unapata 4,000, na hiyo ni pale unapolipwa. Kwa hiyo kazi yako ina bei, na kuna mtu aliyekwisha kuilipa zaidi ya mara nne ya unachopewa kituoni. Unasema "ikaishia hapo". Uliwauliza? Ulirudi baada ya miezi mitatu kuwauliza wahudumu wapya wameajiriwa wangapi? Uliwaomba barua ya kukutambulisha kwa hoteli ya jirani? Nadhani hukufanya hivyo, kwa sababu uliichukua ile kazi kama bahati, na bahati mtu haiulizi maswali.

Nianzie hapo basi. Swali lako ni mwalimu wa watu wazima anapanda kwenda wapi, na jibu langu ni kwamba hapandi akiwa anahesabiwa vipindi kwenye kituo cha mtu. Anapanda pale anapojulikana kwa kundi fulani la watu anaoweza kuwafundisha vizuri kuliko mwingine. Nakwambia hivi kwa kuwa ndivyo nilivyoifahamu kazi hii tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka 19, nilipelekwa kufundisha kisomo kijiji kimoja cha Ukerewe. Taifa lilikuwa kwenye vuguvugu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga kabla ya nyingine, pamoja na Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Darasa langu lilikuwa la wavuvi. Walikuwa wanakuja wamechoka, karabai inavuma, nami naandika "baba", "kaka", "dada" kwenye ubao wa mbao tulioupaka masizi. Wanasinzia. Mzee mmoja alikuwa analala kabisa, kichwa ukutani. Kisha tukaletewa vitabu vilivyoandikwa kufuata kazi za watu wa Kanda ya Ziwa: pamba, ndizi, uvuvi. Vilitokana na mradi wa majaribio wa UNESCO ulioanzia Mwanza mwaka 1968. Jioni ile nikaandika ubaoni "nyavu". Mzee akafumbua macho. Akauliza, "Hilo la mwisho ndilo linalotoa vu?" Tangu jioni hiyo hakusinzia tena, na baada ya wiki chache alikuwa anaandika mwenyewe hesabu ya samaki wake.

Kusoma kwa namna hiyo, kunakofuata kazi ya mtu, wakubwa wetu walikuita kisomo chenye manufaa. Sensa ya 1967 iliwakuta karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya asilimia 10. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mimi kwa macho yangu niliona neno moja la kazi ya mtu likifanya kilichoshindikana kwa mwezi mzima wa "baba kaka dada". Kwa hiyo kaka yako anaposema ngumbaru, usimjibu kwa hasira. Ni neno la siku nyingi la watu wazima wanaojifunza kusoma, na waliolibeba ni watu wenye heshima zao. Yule mama wa Feri aliyegundua elfu tano yake ni mmoja wao.

Na wale wahudumu wa Kariakoo ni wavuvi wangu wa Ukerewe. Hawahitaji nyakati 12 za Kiingereza. Wanahitaji kumwambia mgeni kwamba maji ya moto yatachelewa nusu saa, na wasionekane wamekasirika wakati wanalisema. Ukiitwa tena na hoteli, usiende na kitabu siku ya kwanza. Omba ukae mapokezi saa mbili, daftari mapajani, uandike kila sentensi wanayokwama. Kaa pia kwenye mgahawa wakati wa kifungua kinywa. Masomo yako yatoke kwenye daftari hilo. Siku ya kwanza mrekodi kila mhudumu kwa simu, dakika mbili, akimpokea mgeni. Siku ya mwisho mrekodi tena. Mpe meneja asikilize zote mbili. Mteja akishasikia tofauti ile kwa masikio yake, hutahitaji kumbembeleza kuhusu bei, na hoteli ya pili ikiuliza una uzoefu gani utakuwa na kitu cha kuwasikilizisha, mradi wahudumu wenyewe wameridhia.

Kundi hili la Kiingereza cha kazi ni kubwa kuliko unavyolitazama kutoka Mbagala. Zanzibar na Arusha linaeleweka, watu wa hoteli na waongoza watalii. Lakini wako pia wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongozaji, madereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo wanaokutana na karatasi za mpakani, mafundi wanaosoma maelekezo ya mashine. Na shahada yako ina mguu wa pili: Kiswahili. Kuwafundisha wageni watu wazima Kiswahili ni ufundi uleule, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huendesha mafunzo ya walimu wa Kiswahili kwa wageni. Hilo ningelifuatilia mwaka huu huu kama ningekuwa wewe. Mwalimu anayeweza kumfundisha mhudumu Kiingereza asubuhi na mgeni Kiswahili jioni hana msimu mmoja tu wa kula.

Sasa nije kwenye ngazi yenyewe, ile ya vyeo, maana umeiuliza kwa haki. Ipo. Kila halmashauri ina afisa anayesimamia elimu ya watu wazima, na mkoani yupo mwingine. Lakini nafasi hizo kwa kawaida hupewa walimu walio tayari kazini serikalini, kwa hiyo mlango wake ni uleule wa ajira uliokwisha kuugonga. Usiuache, omba kila zinapotoka, ila usikae mlangoni. Mwaka ule wa usaili wako waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Kudondoka pale si kipimo cha ualimu wako.

Mlango wa karibu zaidi kwako ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ilianza kama tawi dogo la masomo ya nje ya chuo mwaka 1960, ikapewa sheria yake mwaka 1975, na leo inafundisha walimu na pia ina wanafunzi wake. Kila mkoa una ofisi yake, na mkuu wa ofisi hiyo huitwa Mkufunzi Mkazi. Huyo ndiye mtu wa kumwona, ana kwa ana, ukiwa na bahasha yako. Tangu serikali iliporuhusu mwishoni mwa 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule, Taasisi imewapokea wengi wao kwenye vituo vyake kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, na wale wanahitaji hasa mwalimu kama wewe: aliyezoea kumpeleka mtu mtihani wa kidato cha nne kwa miaka miwili, jioni, mwanafunzi akiwa na mtoto nyumbani. Nakuonya tu kwamba mradi ni mradi, una mwanzo na mwisho. Ingia ukijua hivyo, chukua uzoefu na barua, usihamishe maisha yako yote humo.

Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanza 1975 kwa msaada wa Sweden. Viko zaidi ya 50 nchini, na Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ni kimojawapo. Huko mtu anajifunza ushonaji au umeme na masomo ya sekondari pamoja. Wakufunzi wao wanapanda vyeo kama watumishi wengine. Wengi hawavikumbuki wanapoomba kazi, na mimi nasikitika kila nikiona bahasha zote zinakwenda sekondari.

Kuhusu vyeti: usikimbilie shahada ya pili. Umeshasoma ualimu. Unachokosa ni karatasi inayosema unajua kumfundisha mtu mzima, na hiyo kozi fupi au stashahada inatosha kuanzia. Kuna vyeti vya kimataifa vya kufundisha Kiingereza, kama CELTA, chenye saa 120 za mafunzo. Ni kizuri, ni ghali, na hoteli ya Kariakoo haitakiuliza. Kiweke kando mpaka siku utakapotaka kazi nje ya nchi au kwenye taasisi za kigeni.

Kitu ambacho hakina gharama, na walimu wetu wengi hawana, ni daftari. Andika tangu 2019 umefundisha wangapi, wangapi walifanya QT, wangapi walifaulu, wangapi walikwenda kidato cha nne. Majina hayahitajiki, hesabu inatosha. Kama kituo kinakataa kukupa, wapigie wanafunzi wako wenyewe. Watu wazima hawamsahau mwalimu wao. Miaka sita yako kwa sasa iko kichwani tu, na Mkufunzi Mkazi hawezi kusoma kichwa chako.

Sasa deni la kituo, na hapa naomba usichelewe hata siku moja. Madai ya malimbikizo ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukipitisha, itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu. Miezi miwili umeitaja mwenyewe, hesabu siku. Kwanza mwandikie mwenye kituo barua fupi ya madai, taja miezi na kiasi, mpe siku saba kama kalenda bado inaruhusu, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukunyimi haki. Ratiba ya vipindi yenye jina lako, jumbe zake za simu, miamala ya mishahara ya nyuma, yote hayo ni ushahidi. Waulize na walimu wenzako kama wako tayari mwende pamoja. Mtu anayeongeza vyumba huku walimu wake hawajalipwa amekopa kwako bila kukuomba.

Wanafunzi wako wa QT usiwatupe katikati ya mwaka wa mtihani. Lakini unaweza kumwambia mwenye kituo kuanzia wiki ijayo unafundisha siku tatu, si tano, mpaka deni lilipwe. Zile jioni mbili zilizobaki ni za kutafuta hoteli. Anza na ileile ya Kariakoo.

Na Kahama? Sikuambii usiende. Mtoto ana miaka minne, kodi haingoji, na 450,000 ya uhakika ni pesa. Ila nimejiuliza unakimbia nini. Kama ni njaa, hilo naliheshimu, na hata ukienda utakuta kule vijana wa migodini wanaoweka saini karatasi za usalama zilizoandikwa Kiingereza wasichokielewa. Nenda na ubao wako. Kama ni yale maneno ya kaka, basi baki, maana maneno yatakufuata hata stoo. Kwa barua yako mimi naona ni maneno zaidi kuliko njaa. Hesabu hii hapa: hoteli moja ya aina ile kila wiki sita, pamoja na siku tatu za kituoni zikilipwa, ni kama 300,000 kwa mwezi. Hoteli mbili kwa wakati mmoja, unaipita stoo. Si rahisi, na miezi miwili ya kwanza utalala na wasiwasi. Kwa hiyo mpigie kaka yako, umshukuru kwa kukutafutia, umwombe kitu kimoja: kama hiyo nafasi inaweza kungoja miezi mitatu, au kama kuna nyingine itakayotoka baadaye. Umwombe pia akukopeshe kodi ya miezi miwili, umwandikie utairudisha lini. Ndugu aliyehangaika kukutafutia kazi Kahama atakusikiliza, ukimweleza kwa namba.

Jumamosi ukiwa na yule mama wa Feri, mwandikie ubaoni majina ya samaki anaowauza, kila mmoja na bei ya kilo. Changu, tasi, kibua, jodari. Mwache ajumlishe mwenyewe, kisha niandikie alichokisema.